Mpiga debe anaijua saikolojia ya mteja kuliko hiyo AI yako (uzi mrefu, nimeweka na prompti, yani maelekezo ninayoiandikia AI)

#1 – Mleta uzi

Wakuu salama? Heshima kwenu.

Kila wiki naona mtu anaomba "nipeni prompti za kuandika posti za kuvuta wateja" na majibu ni yale yale, mtu anabandika orodha ya prompti 50 za kizungu alizookota huko, unazijaribu, unapata kapsheni inayosomeka kama tangazo la benki. Mi sio mtaalamu wa chochote. Nina dada yangu anauza viatu vya shule Kariakoo, kaduka ka ghorofa ya pili ambako mteja hafiki kwa bahati, lazima avutwe kutoka kwenye simu. Tangu mwaka juzi mi ndo namwandikia posti zake, nimeboronga sana kabla ya kupatia, kwahiyo leo naweka yote hapa maana umeme upo na bando lipo.

Nianze na tulivyoharibu.

Ilikua Desemba, mzigo umeingia, dada anataka uishe kabla shule hazijafunguliwa Januari. Mi nikaingia ChatGPT nikaandika hivi, neno kwa neno maana bado ninayo: "Niandikie posti kali ya Instagram ya kuuza viatu vya shule, itrendi, tumia saikolojia ya ushawishi." Ikajibu chap. Kipande chake hiki hapa:

"Je, umechoka na viatu visivyo na ubora? Katika ulimwengu wa leo, mtoto wako anastahili kilicho bora zaidi! Fungua mlango wa mafanikio ya mwanao kwa viatu vyetu vya kipekee. Usisubiri! Zimebaki jozi 10 tu! Mamia ya wazazi tayari wametuamini!"

Na viroketi na vimoto kila mstari. Chini yake ikaweka na ushuhuda wa mama mmoja wa Sinza, ikampa na jina kabisa, eti viatu vyetu vimebadilisha maisha ya mwanae. Huyo mama hayupo duniani wakuu, hajawahi kuzaliwa. Ushuhuda niliutoa (hapo angalau akili ilikuwepo), yaliyobaki nikaposti kama yalivyo, nikajiona nimeua.

Keshokutwa yake akaja mteja wa siku nyingi, mama fulani ana watoto watatu na wote viatu anachukua kwa dada. Akaangalia juu, maboksi yamepangwa mpaka dari, akasema taratibu tu, "kumbe zile kumi zimezaana." Akacheka, akanunua, akaondoka. Lakini mi nliuona uso wa dada. Mwaka wa sita yule mama ananunua pale na hiyo ndo siku ya kwanza kuomba boksi lifunguliwe akague vyote viwili, kulia na kushoto.

Hapo ndo nikaanza kufikiria hii kitu vizuri.

Nenda stendi yoyote ya daladala saa sita mchana. "Wawili tu, wawili tu, gari linaondoka!" Unaingia, ndani mpo wanne na wawili kati yao ni washkaji zake wamekaa dirishani wanajifanya abiria, gari lionekane linajaa. Yani kwa sekunde tano kakupiga na uhaba, kakupiga na mkumbo. Muuza tikiti maji anakukatia kipande, "onja boss kuonja bure", ukishaonja miguu inakua mizito kuondoka, anakudai bila kukudai. Mama wa genge akishakupimia fungu la nyanya anaongeza moja juu, nyongeza, na wewe kesho unaruka magenge matatu unarudi kwake. Muuza mitumba anakuuliza kwenu wapi, ukitaja mkoa tu tayari mshakua watani, sasa utamkatalia vipi mtani wako?

Kuna profesa Mmarekani anaitwa Robert Cialdini, alikua Chuo Kikuu cha Arizona State, huyu alichofanya kwa karibu miaka mitatu ni kujipenyeza kwenye mafunzo ya wauza magari yaliyotumika, wachangisha pesa, wauzaji wa kwenye simu, akiangalia wanasema nini mpaka mtu anakubali. Mwaka 1984 akaandika akatoa kanuni 6: ukimpa mtu kitu anajisikia deni, mtu akishaahidi anataka kuonekana hajageuka, watu wanafuata mkumbo, wanasikiliza mwenye mamlaka au mjuzi, wanamkubali wanayempenda, na kitu kikiwa adimu wanakitaka zaidi. Mwaka 2016 akaongeza ya saba, mtu anamkubali anayemwona ni "mwenzetu". Sasa nambieni hapo kipi ambacho mama wa genge hakijui.

Tofauti ni hii, na ndo sababu ya uzi huu. Mpiga debe ukishapanda gari hana habari na wewe tena, kesho wapo wengine. Dada yangu anamvalisha mtoto kuanzia chekechea mpaka form four na mdogo wake na binamu yake. Ukimwambia AI "tumia saikolojia ya ushawishi" yenyewe inakupa ile ya mpiga debe, kwasababu ndo iliyojaa mtandaoni ilikofundishwa, na inakupa bila kujua dukani kuna maboksi mangapi. Haijui wakuu. Yenyewe inakisia neno linalofuata baada ya neno, na baada ya "usisubiri" huwa linafuata "zimebaki chache".

Sasa twende kazi, ninavyofanya siku hizi.

Hatua ya kwanza siandiki kabisa. Nachukua simu ya dukani nakopi meseji za wateja za WhatsApp kama 20 hivi, NATOA majina na namba zote. Hapo sitanii, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kazi Mei 2023, na hata isingekuwepo, namba ya mteja sio yako ya kugawa. Alafu nazibandika na prompti hii:

"Hapa chini kuna meseji za wazazi walioulizia viatu vya shule. Usiandike tangazo. Soma zote, niambie wanaogopa nini na wanalalamikia nini, na kila jambo ninukulie maneno yao kama walivyoyaandika, usiyasahihishe."

Ndugu zangu, hii peke yake ilinifumbua macho. Kati ya meseji zote hakuna hata mmoja aliyeuliza habari ya ubora wa kipekee. Walichokua wanasema: "vya mwaka jana vilifungua mdomo mwezi wa tatu", "wangu anachezea mpira na viatu hivyo hivyo", "nisije nikachukua namba ndogo, darasa la pili anavaa ngapi", "mnaleta Mbagala", na bila shaka "bei ya mwisho". Tangazo langu la Desemba halikugusa hata kimoja.

Hatua ya pili ndo prompti ya kuandika, ona ilivyo ndefu, watu wanaogopa kuandika prompti ndefu sijui wanadhani inalipiwa kwa neno:

"Wewe ni dada muuza viatu Kariakoo, unaongea Kiswahili cha Dar cha kila siku. Mwandikie mzazi wa meseji namba 4, mmoja tu, sio umma. Mistari isizidi 6. Anza na tukio analolikumbuka, usianze na swali, neno 'je' ni marufuku. Ukweli unaoruhusiwa ni huu tu: soli imeshonwa kuzunguka, sio gundi peke yake, namba 28 mpaka 42, bei 35,000, ndani ya Dar tunatuma kwa boda nauli ya mteja, namba 36 za kike zimebaki jozi 7, nyingine zipo za kutosha. Usiongeze ukweli ambao sijakupa. Usitunge shuhuda. Maneno marufuku: kipekee, ubora wa hali ya juu, fursa, safari, ulimwengu wa leo, usisubiri. Nipe matoleo 5 yasiyofanana mwanzo."

Kati ya matano, manne yanakua takataka, moja lina kitu. Lile lenye kitu liliandika "mtoto wako alirejea nyumbani akiwa na kiatu kilichoachia soli". Nani anaongea hivo? Nikamsomea dada kwa sauti akaniambia weka "kimefungua mdomo" kama mama wa watu alivyosema. Ikatoka hivi:

"Mwezi wa tatu karudi na kiatu kimefungua mdomo. Ukapeleka kwa fundi, wiki mbili kikafungua tena. Hivi vimeshonwa soli mzunguko mzima, ona kwenye video navikunja. 28 mpaka 42, elfu 35. Namba 36 za kike zimebaki jozi 7, nyingine zipo."

Na video ya sekunde 12, mkono wa dada unakunja kiatu mpaka ncha inakaribia kisigino. Hakuna muziki, kunasikika kelele za mtaani. Mpaka jioni simu ilikua inaita kuliko ile posti ya viroketi kwa wiki nzima, na zile 36 saba ziliisha kesho yake, zilipoisha nikaandika zimeisha. Kuna mtu akakomenti "kweli zilikua saba?" dada akamjibu kwa picha ya rafu yenye nafasi wazi.

Hatua ya tatu ambayo watu hawaifanyi: naifanya AI iwe mteja mkorofi. "Jifanye mzazi uliyeungua mara mbili kwa viatu vya mtandaoni, una elfu 40 na watoto wawili. Soma posti hii mstari kwa mstari, niambie mstari gani umeacha kuniamini na ungeniuliza nini." Huwa inauliza maswali ya maana kuliko inavyoandika. Ndo ilivyotukumbusha kwamba hatujasema mtoto akivaa kikambana inakuaje. Sasa tunabadilisha kama hajakivalia nje, na tunaandika.

Karibuni kwa maswali na matusi.

#2

Nimeweka kambi hapa na kahawa. "Zimezaana" imeniua mbavu mkuu 😂

#3

Mkuu uzi mzuri ila mi nauona ni utapeli wa kisomi tu, unatafuta udhaifu wa mtu alafu unaubonyeza. Tofauti yako na wale wa "tuma hela kwenye namba hii" iko wapi?

#4 – Mleta uzi

Mkuu #3 hoja yako siikimbii, wale wa tuma hela wanatumia kanuni hizo hizo tena kuliko sisi, mamlaka ("napiga kutoka makao makuu"), haraka ("laini yako inafungwa leo"). Kipimo changu ni kile cha yule mama, je mteja akija kusimama dukani akaangalia juu kwenye maboksi, posti yangu itasimama? Ikiwa saba ni saba nimempa taarifa. Ikiwa saba ni mia tatu nimemwibia. Kwa AI hiyo mipaka lazima uiweke wewe kwenye prompti, ndo maana ule mstari wa "usiongeze ukweli ambao sijakupa" siutoagi hata niwe na haraka vipi.

#5

Naomba msaada dada yenu. Nafanya keki za oda Mwanza. Shida yangu watu wanaoda alafu siku ya kuchukua simu haipokelewi, keki inabaki. Nikaiambia AI iniandikie posti ya ukali, ikaniandikia "Inasikitisha kwamba wateja wengi wanaagiza keki na kutokuja kuchukua, tabia hii ikome." Nikaposti. Imezidi jamani! Nimerogwa au?

#6 – Mleta uzi

Hujarogwa dada yangu 😂 umewatangazia kwamba kutokuja ndo desturi ya wateja wako.

Iko hivi. Kule Arizona kuna hifadhi inaitwa Petrified Forest, ina miti ya kale iliyogeuka mawe, na wageni wanachomoa vipande wanaondoka navyo. Huyo huyo Cialdini na wenzake wakajaribu mabango. Bango lililosema wageni wengi waliopita wamechukua vipande na kuiharibu hifadhi, basi vipande walivyovitega vikaibwa karibu asilimia 8. Bango lililoomba tu tafadhali usichukue, chini ya asilimia 2. Mtu akisoma "wengi wanachukua" anachosikia ni "wengi". Na wewe umeandika "wateja wengi" kwa mkono wako.

Geuza. Sema ukweli wa upande wa pili, kwamba wanaolipia nusu wanachukua keki zao saa waliyosema (kama ndivyo ilivyo, hesabu kwanza kwenye daftari). Alafu mteja akioda usimuulize "utakuja?", muulize "utakuja saa ngapi, na usipoweza wewe atakuja nani?" aandike mwenyewe kwa kidole chake. Akishaandika saa kumi amejifunga. Na advansi dada, saikolojia yote hii haijafikia advansi.

#7

Mimi niko Nakuru, nauza miche ya parachichi. Hiyo shida ya AI kuandika Kiswahili cha taarifa ya habari imenisumbua sana, ukisoma unaona kabisa ilifikiria kwa Kizungu kisha ikatafsiri. Mimi nilipata dawa: siandiki prompti. Najirekodi nikimweleza jirani kuhusu miche, vile naongea tu, dakika tatu nne, simu inageuza sauti kuwa maandishi, kisha naiambia AI "fupisha haya, usibadilishe maneno yangu, toa tu marudio." Inatoka kama mimi. Makosa ya maandishi yapo lakini unarekebisha. Siku moja ilisikia "kupandikiza" ikaandika "kupanda kiza", nikakaribia kuuza miche ya usiku.

#8 – Mleta uzi

#7 umemaliza kazi kaka, hii naiba leo leo. Na sababu ni hiyo uliyosema, hizi chatboti sehemu kubwa ya zilichosoma ni Kiingereza, Kiswahili walichokuta mtandaoni ni kidogo na kingi chake ni cha magazeti na maandiko ya dini, ndo maana inakuamkia "wapendwa". Ukiilisha mfano wa sauti yako inakufuata wewe. Mi huwa nabandika posti tatu za zamani za dada alizoandika mwenyewe kabla sijamwingilia, nasema "fuata sauti hii". Zina makosa ya herufi kibao na ndo tamu.

#9

Na ile ya "bei DM" mleta uzi? Wanasema ukificha bei watu wanapata shauku wanakuja inboksi. Pia ile ya "maelfu wametuamini" kama kweli una wateja wengi si uiweke?

#10 – Mleta uzi

Bei DM inanichefua, niseme ukweli. Wanaoitetea wanataja shauku bila kuielewa. George Loewenstein mwaka 1994 alieleza kwamba shauku inakuja pale unapoliona pengo kati ya unachojua na unachotaka kujua, yani lazima kwanza ujue kitu fulani ndo pengo lionekane. "Kwanini fundi viatu anakichukia kiatu hiki" hapo kuna pengo, namjua fundi nakijua kiatu, nataka kujua ugomvi wao. "Bei DM" haina pengo, kuna mlango umefungwa tu, na mzazi mwenye haraka anahesabu kwamba imefichwa kwasababu ni kubwa. Sisi toka tuweke bei waulizaji wamepungua, wanunuzi hawajapungua, na dada kapata muda wa kula mchana.

Kuhusu maelfu. Kuna jaribio la mahotelini Marekani lilichapishwa 2008, wanataka wageni warudie kutumia taulo zisifuliwe kila siku. Kikaratasi cha "tunza mazingira" walirudia kama asilimia 37. Cha "wageni wengi wa hoteli hii wanarudia", 44. Cha "wageni wengi waliolala CHUMBA HIKI", 49. Chumba hiki, sasa aliyelala chumba namba 313 kabla yako ni nani wako? Lakini ndo ilivyo, mkumbo una nguvu ukiwa karibu. Kwahiyo mi siandiki maelfu. Kuna shule moja Temeke wazazi wake wanachukua kwetu sana, tukaomba ruhusa ya wazazi wawili, tukaandika "wazazi wa shule ile ya msingi karibu na soko, rangi mnayotakiwa ni nyeusi isiyo na nembo, tumewawekea pembeni." Siku ile mtaa mmoja ulihamia Kariakoo.

#11

Mkuu nimejaribu prompti yako ya meseji saa hizi kwa duka langu la vipuri vya pikipiki. Imeniambia wateja wangu wanachoogopa zaidi ni mimi kutojibu simu baada ya kupokea hela. Nimekaa kimya dakika kumi.

#12 – Mleta uzi

Pole mkuu 😅 hiyo usiiandikie posti, pokea simu kwanza. Narudi baadae, dada kanipigia nije kuhesabu namba 36, anasema mara hii zimebaki nne na hataki kusikia habari ya kumi.